Dawa za Ukomo wa Hedhi: Ni Nani Achague?



Kuna swali ambalo halisemwi kwa sauti kubwa katika jumuiya zetu ndogo ndogo. Mama hungoja mpaka wengine wamekwisha kuagana, ndipo asogee na kuuliza polepole: "Mwalimu, zile dawa wanazopewa akina mama waliokoma kuona siku zao, Kanisa linaziruhusu?" Baba naye akiuliza huzunguka kwanza, kana kwamba ni habari ya jirani.

Jibu la swali hilo ni fupi. Kanisa halijazikataza. Mama aliyekwisha kukoma hedhi hazuii mimba kwa kutumia homoni, kwa maana hakuna mimba ya kuzuiwa. Anatafuta nafuu, kama mtu anayetafuta nafuu ya jino au ya goti. Swali lingekuwa hilo tu, ukurasa huu ungeishia hapa. Lakini dawa hizo si moja. Kuna tembe za kumeza, kuna kibandiko cha kubandikwa ngozini, kuna jeli ya kupaka, kuna krimu ya kutiwa ukeni, na kuna koili. Kila moja ina faida yake na hatari yake, na mtu akichagua ovyo anaweza kuumia. Kwa hiyo swali lililo gumu ni lingine: katika ndoa ya wawili waliofanywa mwili mmoja, ni nani achague, na achague kwa kipimo gani?

Tuanze na mwili wenyewe. Hedhi hukoma kwa akina mama wengi kati ya miaka 45 na 55, na daktari husema imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila damu. Ovari, yaani vile vifuko vya mayai, hupunguza kutoa homoni iitwayo estrojeni, na mwili ulioizoea tangu ujana hulalamika. Joto hupanda ghafla kifuani na usoni, jasho humtoka mama usiku hata shuka zikalowa, usingizi hupotea, moyo hudunda, hasira huja bila sababu. Sehemu za siri hukauka na tendo la ndoa likawa maumivu. Baadaye mifupa nayo hupungua nguvu. Wako wanaopita kipindi hiki bila kusumbuka, na wako wanaoteseka miaka mingi. Hapa kwetu mateso hayo huvaa nguo ya ugonjwa mwingine. Mama analowa jasho usiku, anapewa dawa ya malaria. Mwezi ujao hali ni ile ile, anaambiwa ni taifodi. Pesa zinakwisha na hakuna aliyemwuliza ana umri gani.

Wako pia waliotolewa ovari kwa upasuaji, mara nyingi pamoja na kizazi. Kwao mambo huanza kwa siku moja, kama taa iliyozimwa, hata kama ana miaka 38. Hao, pamoja na wale ambao hedhi yao imekoma kabla ya miaka 40, madaktari huwashauri kwa nguvu zaidi watumie homoni mpaka wafikie umri wa kawaida wa kukoma, ikiwa hakuna kizuizi cha kiafya, kwa kuwa kukaa muda mrefu hivyo bila estrojeni huidhuru mifupa na moyo.

Wapo Wakristo wema wanaosema hivi: hedhi imekoma kwa mpango wa Mungu, kwa nini binadamu arudishe alichokiondoa Mungu? Hoja hii isidharauliwe. Ni kweli kwamba ukomo wa hedhi si ugonjwa. Lakini macho nayo hufifia katika umri uo huo, na sijaona padre akimkataza msomaji wa Neno kuvaa miwani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba dawa zatoka kwa Mungu na kwamba mwenye busara hazikatai. Tena homoni hizi hazirudishi ujana wala uzazi, zinapunguza taabu. Tofauti iliyopo ni kwamba miwani haimletei mtu damu kuganda. Basi la kupima si kama tunaruhusiwa kuyagusa maumbile, bali ni bei ambayo mwili utalipa.

Liko pia kosa la upande wa pili. Mwaka 1966 daktari mmoja wa Marekani, Robert Wilson, alitoa kitabu kiitwacho Feminine Forever, akafundisha kwamba mama aliyekoma hedhi ni mgonjwa aliyepungukiwa, na kwamba homoni zitamfanya abaki mwanamke. Fikirini maana yake. Asiyetumia homoni si mwanamke tena? Mkristo hawezi kukubali. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, yasema wazi kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Papa Paulo VI, katika waraka Humanae Vitae wa mwaka 1968, fungu la 11, alifundisha kwamba tendo la ndoa haliachi kuwa halali kwa sababu wenzi wanajua mtoto hatapatikana. Bibi mwenye miaka 55 ni bibi wa ndoa vile vile kama alivyokuwa siku ya arusi. Nalisema hili kwa kuwa katika baadhi ya jamii zetu mama aliyepata wajukuu alitazamiwa aache mambo ya kitandani, ikawa aibu kwake kuonekana bado yuko na mumewe. Baba hakuwekewa mpaka huo. Yeye alioa mwingine. Wengi siku hizi wanajidai kuwa mila hiyo imekufa, kumbe huyo mwingine amepangishiwa chumba mjini.

Sasa tuzitazame dawa zenyewe, maana mtu hawezi kuchagua asichokijua.

Historia yake inafundisha unyenyekevu. Tembe za Premarin zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1942. Estrojeni yake hutolewa katika mkojo wa farasi jike wenye mimba. Zilitumiwa miaka mingi kwa furaha. Mwaka 1975 watafiti wakaonyesha kwamba estrojeni ikitumiwa peke yake na mama ambaye bado ana kizazi huongeza saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi. Ndipo ikaongezwa homoni ya pili, ya jamii ya projesteroni, iulinde ukuta huo. Kanuni hiyo inasimama hata leo: mwenye kizazi akitumia estrojeni ya kuenea mwili mzima, awe na projesteroni pia, aliyetolewa kizazi kwa kawaida haihitaji. Mama asiyejua kanuni hii akaazima dawa ya dada yake aliyetolewa kizazi anajitia hatarini bila habari.

Katika miaka ya 1990 madaktari wengi wa Marekani na Ulaya waliamini kwamba tembe hizi huulinda moyo, wakawapa hata wazee wasio na taabu yoyote. Kisha, Julai 2002, sehemu moja ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Ilikuwa na akina mama zaidi ya 16,000 wenye kizazi. Nusu walimeza homoni zote mbili, nusu walimeza tembe zisizo na dawa. Naomba mnivumilie kidogo kwa hesabu, kwa sababu hofu nyingi iliyoenea tangu wakati ule ilitoka kwa watu wasiotazama hesabu. Chukueni akina mama 10,000 kwa mwaka mmoja. Kati ya wasiopewa dawa, 30 walipata saratani ya matiti. Kati ya waliopewa, 38. Kiharusi kilikuwa 21 bila dawa na 29 kwa dawa. Ugonjwa wa moyo, 30 na 37. Kwa upande mwingine, waliovunjika nyonga walikuwa 15 bila dawa na 10 kwa dawa, na saratani ya utumbo mpana ilikuwa 16 na 10.

Wanane zaidi katika elfu kumi si wengi. Anayewatisha akina mama kwamba homoni ni saratani tupu hasemi kweli. Naye anayesema hatari ni bure amesahau kwamba wale wanane wana majina na watoto. Tena wengi wa akina mama wale walikuwa wazee. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 63. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba anayeanza kabla ya miaka 60, au kabla ya kupita miaka 10 tangu hedhi ikome, mizani yake ni nzuri zaidi, hasa kwa upande wa moyo. Na wale waliokuwa wametolewa kizazi, wakapewa estrojeni peke yake, saratani ya matiti haikuongezeka kwao, ingawa kiharusi kiliongezeka. Mnaona? Jina la dawa ni moja vinywani mwa watu, lakini habari ya mama huyu si habari ya mama yule.

Na aina yake nayo hubadilisha habari. Tembe ya estrojeni ikimezwa hupita kwanza katika ini, na huko huamsha vitu vinavyogandisha damu. Estrojeni inayoingia kwa ngozi, kwa kibandiko au jeli, haipiti njia hiyo mwanzoni, na tafiti hazikuona kwamba kwa kipimo cha kawaida inaongeza kuganda kwa damu kama tembe zinavyoongeza. Kwa hiyo mama mnene, au mwenye shinikizo la damu ambalo limetulizwa kwa dawa, daktari mwangalifu humwelekeza kwenye ngozi. Kibandiko hubadilishwa mara moja au mbili kwa juma. Jasho la Mombasa laweza kukibandua, na huko jeli inaweza kufaa zaidi. Lakini jeli ina adabu yake: ikauke kabisa, na mjukuu asilalie mkono uliopakwa, kwa maana homoni huweza kumwingia mtoto.

Kama taabu ya mama ni ukavu tu, na maumivu wakati wa tendo la ndoa, au kuchomwa na mkojo mara kwa mara, hana haja ya kumeza kitu cha kuzunguka mwili mzima. Iko krimu au kidonge cha kutiwa ukeni, chenye estrojeni kidogo sana, ambayo huingia katika damu kwa kiasi kidogo mno. Hiyo haitatuliza joto la ghafla, lakini itatibu pale palipo na shida. Inanisikitisha kwamba hii ndiyo aina ambayo akina mama wetu hawaisikii kabisa, kwa sababu ni lazima utaje mahali panapouma, na kutaja ni aibu. Kwa wengine hata mafuta laini ya maji ya duka la dawa yanatosha.

Wapo wasiofaa homoni za mwili mzima, au wasizitumie bila daktari bingwa kusema: aliyepata saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, aliyepata kiharusi, mwenye ugonjwa wa ini, na anayetokwa na damu ambayo chanzo chake hakijulikani. Mama anayetumia dawa za kupunguza makali ya ukimwi amwambie daktari, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hugongana na homoni. Kwa hao wote ziko dawa zisizo homoni zinazopunguza joto la ghafla, kama baadhi ya zile za huzuni zikitolewa kwa kipimo kidogo. Kuhusu krimu za viazi vikuu zinazouzwa kwa jina la asili, niseme hivi. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1940 mwanakemia Russell Marker alitengeneza projesteroni kutokana na kiazi kikuu cha porini cha Mexico. Lakini ile ilikuwa kazi ya maabara. Mwili wa binadamu hauwezi kukigeuza kiazi kuwa homoni, uile au uipake.

Limebaki jambo moja la kimaadili ambalo wanandoa Wakatoliki lazima walipime kwa makini. Ni kipindi cha kabla hedhi haijakoma kabisa, wakati siku zinaruka, zinarudi, damu inatoka kwa wingi. Mama wa miaka 46 bado anaweza kushika mimba. Homoni za ukomo hazizuii mimba, asijidanganye mtu. Wale wanaofuata njia ya Billings wajue pia kwamba estrojeni ya dawa inaweza kuchanganya dalili za ute wanazozisoma, wakamwone mwalimu wao. Katika kipindi hicho daktari anaweza kumpa mama tembe zile zile za kupanga uzazi ili kuituliza damu, au kumtia koili yenye homoni, ambayo hupunguza damu na kuulinda ukuta wa kizazi. Je, ni halali?

Fungu la 15 la Humanae Vitae linajibu. Tiba iliyo lazima kwa ugonjwa wa mwili haikatazwi, hata ikitabiriwa kwamba itazuia uzazi, mradi kuzuia kwenyewe kusiwe ndiko kunakokusudiwa. Kwa hiyo mama anayepoteza damu mpaka anaishiwa nguvu hatendi dhambi kwa kutibiwa. Ila dhamiri inataka ukweli. Kama ugonjwa ni kisingizio na nia ni nyingine, waraka huo haumlindi. Na kama ipo tiba nyingine inayoponya vile vile bila kugusa uzazi, ni vema ianze hiyo. Koili inataka uangalifu zaidi kwa aliye bado na uwezo wa kushika mimba, kwa sababu walimu wa maadili huogopa kwamba pengine inaweza kuidhuru mimba iliyokwisha kutungwa. Waliofika hapo waongee na daktari na padre kabla haijatiwa. Kwa mama aliyekwisha kukoma, hofu hiyo haipo kabisa, na koili kwake ni njia mojawapo tu ya kupata projesteroni.

Turudi basi kwa swali letu. Ni nani achague?

Nimewasikia akina baba wa aina mbili. Wa kwanza husema: "Vumilia. Mama yangu alivumilia, na hakumeza kitu." Wa pili hupita duka la dawa akitoka kazini, akaja na pakiti: "Meza hizi, nimeambiwa zinarudisha mambo." Wa kwanza anaonekana mcha Mungu na wa pili anaonekana mwenye upendo, lakini wote wawili wamefanya jambo moja. Wameamua juu ya mwili ambao si wao watakaolala nao usiku ukiwaka, wala si wao watakaoganda damu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Anayeshika msalaba kama hoja na asikilize mafundisho ya Kanisa yenyewe. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII aliwajibu madaktari wa nusukaputi waliomwuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuondoa maumivu. Alifundisha kwamba Mkristo halazimiki kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe, na kwamba anaweza kutumia dawa za kuyatuliza. Ni kweli kwamba mateso yakipokelewa pamoja na Kristo yana thamani kubwa. Papa Yohane Paulo II aliandika waraka mzima juu ya hilo mwaka 1984, Salvifici Doloris. Mama akisema, "Nitalibeba hili bila dawa na kulitoa kwa ajili ya watoto wangu," tumheshimu. Lakini sadaka ni ya mtu anayeitoa kwa hiari. Mume hawezi kutoa sadaka kwa jasho la mkewe.

Aliyeleta pakiti naye hunukuu Mtume Paulo, Wakorintho wa Kwanza sura ya 7: mwili wa mke ni wa mume. Asome mpaka mwisho. Mtume anasema papo hapo kwamba mwili wa mume nao ni wa mke, na kwamba mambo hayo yafanywe kwa mapatano. Kama mwili wako ni wake, je, umemwuliza la kuufanyia? Ungekubali mkeo akumezeshe dawa yenye hatari ya kiharusi ili wewe umfurahishe? Fungu la 13 la Humanae Vitae linasema kwamba tendo la ndoa linalolazimishwa kwa mwenzi bila kujali hali yake na matakwa yake ya haki si tendo la kweli la upendo. Kama tendo lenyewe haliwezi kulazimishwa, sembuse dawa ya kulifanya liwezekane.

Husemwa mgonjwa haulizwi uji. Katika jambo hili aulizwe. Maoni yangu ni kwamba neno la mwisho ni la mama, kwa sababu hatari yote iko mwilini mwake na taabu yote iko mwilini mwake. Hii haimfanyi baba kuwa mtazamaji. Kujua ni kazi ya wote wawili: kusikiliza kwa daktari, kukumbuka nani katika ukoo wa mama aliugua saratani ya matiti, kuhesabu pesa. Mwaka 1980 Roma ilitoa tamko juu ya eutanasia, na humo mna kipimo ambacho, ingawa kiliwekwa kwa ajili ya wagonjwa mahututi, chafaa kuazimwa hapa: tazama aina ya tiba, ugumu wake, hatari zake, gharama yake, uilinganishe na matunda yanayotarajiwa, ukizingatia nguvu za mgonjwa za mwili na za roho. Ndivyo daktari mzuri anavyofanya, na ndivyo mume na mke wanavyoweza kufanya mezani jioni, redio ikizimwa.

Gharama hasa isifichwe. Nje ya miji mikubwa vibandiko ni shida kupatikana. Mama akianzishiwa kibandiko, mwezi wa pili akakosa, wa tatu akapata, hapati nafuu. Afadhali aina iliyo ya kawaida zaidi, ikiwa afya yake inairuhusu, itakayopatikana mfululizo. Na baba akisema pesa hazipo, aseme hivyo baada ya wote wawili kuona kila shilingi inakokwenda, pamoja na zile zinazoishia kwa muuza bia.

Vipi mama anayetumia kwa siri? Wapo. Anaficha pakiti katika unga, mume anaiona, anadhani ni za kupanga uzazi, au anadhani kuna bwana mwingine, na nyumba inawaka. Kwa kawaida siri hii huharibu kuliko dawa yenyewe, na namshauri aseme. Lakini sitamlaumu kama amejaribu kusema akapigwa au kutukanwa. Huyo aanze na muuguzi anayemwamini, au padre, au wazee waliosimamia ndoa yao, na mmoja wao aende akaongee na bwana. Mume ambaye mkewe anamficha dawa ya jasho ajiulize alifanya nini mpaka akaogopwa hivyo.

Waliochagua kutumia huuliza pia: mpaka lini? Hakuna tarehe iliyowekwa kwa wote. Baada ya miezi mitatu hivi mama arudi aone kama dawa na kipimo vinamfaa, kisha kila mwaka. Presha ipimwe, matiti yachunguzwe, hatari ihesabiwe upya kwa umri alio nao sasa, kwa kuwa ile ya saratani ya matiti huongezeka kadiri miaka ya kutumia homoni zote mbili inavyozidi. Anayetaka kuacha aweza kupunguza polepole. Joto likirudi kwa majuma machache asidhani ameharibika. Kwa wengi hutulia, na lisipotulia atazungumza tena na daktari. Ukavu wenyewe hautulii kwa kungoja, ndiyo maana ile krimu ya ukeni inaweza kuendelea hata homoni nyingine zikiachwa. Na damu ikitoka baada ya mwaka mzima wa kukauka, iwe mama anatumia dawa au hatumii, asingoje siku yake ya kliniki. Aende juma hilo hilo, na mumewe amsindikize.